Kumwandaa Mwalimu wa Sanaa za Ufundi

Mwanachuo anayesomea ualimu wa sanaa za ufundi hujifunza kazi mbili kwa pamoja: kuchora, kufinyanga na kuchonga kwa mkono wake, na kumwezesha mwingine kufanya hivyo. Ya pili ndiyo ngumu zaidi. Hata hivyo, wapo waliozimudu zote mbili. Huko Uganda, Margaret Trowell alianzisha mafunzo ya sanaa katika Chuo cha Makerere miaka ya 1930. Waliosoma hapo ni pamoja na Sam Ntiro na Elimo Njau, Watanzania waliokuja kuwa wachoraji na walimu pia.

Kipimo halisi cha mwanachuo ni mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo huandaa azimio la kazi na andalio la somo, kisha hukabili darasa lenye wanafunzi wengi na rangi chache. Hapo hubuni zana: mkaa wa jikoni badala ya penseli, udongo wa mfinyanzi, kijiti kilichotafunwa ncha hadi kikawa brashi. Kusahihisha nako kuna ugumu wake, kwani mchoro hauna jibu moja. Mkufunzi mzuri humkataza mwanachuo kushika penseli ya mtoto na kumnyooshea mstari. Badala yake, amwulize mtoto kwanza ameona nini. Kwa kuwa kazi hii inahitaji ujuzi wake, wahitimu wa fani hii wapangiwe vipindi vya sanaa, wasitumiwe kuziba mapengo ya masomo mengine.