NGUVU ZA FARASI: KWA NINI VIPIMO HAVILINGANI?

Wakulima wengi katika skimu za makazi hununua pikapu kuukuu za kupelekea maziwa na mboga Nairobi. Mwenye kuuza husema, "Injini hii imeongezwa nguvu," na kuonyesha karatasi ya kipimo. Fundi mwingine akilipima gari lile lile hupata hesabu nyingine. Je, mmoja wao ni mwongo? Huenda wote wawili wasema kweli. Lakini mkulima asiyejua maana ya hesabu hizo aweza kulipa fedha za mkopo kwa nguvu asizozipata.

Chombo cha kupimia nguvu za injini huitwa dinamomita. Gari hupandishwa juu ya magurudumu ya chuma, likaendeshwa papo hapo, na chombo kikapima nguvu ya tairi katika kuyazungusha.

Jambo la kwanza ni mahali pa kupimia. Kiwanda hupima injini yenyewe. Gereji hupima kwenye tairi, baada ya gia, difu na tairi kula sehemu yao. Mathalani, injini ya nguvu za farasi 100 huweza kutoa 85 tu kwenye tairi. Hakuna aliyeiba zile 15.

Jambo la pili ni hewa. Injini haichomi mafuta bila hewa, na kadiri tupandavyo mlima hewa huwa nyepesi. Mutuini, huko Dagoretti, ni mita 1,800 hivi juu ya bahari. Hapo kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja katika tano kuliko Mombasa. Basi lile gari la 85 huenda likaonyesha 68 tu. Kwa sababu hiyo dinamomita nyingi huzidisha hesabu, tuseme kwa 1.25, ili kurudisha kile kilichopotezwa na mwinuko. Hapo 68 huwa 85 tena. Lakini gari litakalopanda kilima chako limebaki na zile 68.

Hapa ndipo magari yaliyobadilishwa huleta matata. Mengine yametiwa tabo, yaani pangaboi dogo linalozungushwa na moshi wa injini na kushindilia hewa katika silinda. Injini ya namna hiyo hupoteza nguvu kidogo tu mlimani. Ikiwa imetoa 110, kisha chombo kikazidisha kwa 1.25, karatasi itasema 137.5. Zile 27.5 za juu, nyingi ni za karatasi tu.

Jambo la tatu ni kipimo chenyewe. Farasi wa Kiingereza ni wati 746, na farasi wa kimetriki, atumiwaye sana Japani, ni wati 735 hivi. Tofauti hii ni ndogo. Upepo wa tairi, gia iliyotumiwa na joto la injini huweza kuleta tofauti kubwa zaidi.

Taabu hii si ngeni kwa wakulima. Huko Nebraska, Marekani, mkulima Wilmot Crozier alinunua matrekta yasiyofanya kazi kama yalivyosifiwa. Alipoingia katika baraza la kutunga sheria, alisaidia kupitisha sheria ya mwaka 1919 iliyotaka trekta lipimwe kabla ya kuuzwa. Upimaji ulianza mwaka 1920.

Basi, kabla ya kutoa fedha, uliza hivi:

1. Nguvu hizi zimepimwa kwenye injini au kwenye tairi?
2. Hesabu imezidishwa kwa ajili ya mwinuko? Ilikuwa ngapi kabla ya kuzidishwa?
3. Gari lina tabo?
4. Nguvu hizo hupatikana injini ikizunguka mara ngapi kwa dakika?

Swali la nne ni kubwa kwa mkulima. Nguvu zinazokuja injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika hazisaidii sana kutoa mikebe ya maziwa katika matope. Huko yatakiwa nguvu ya kuvuta kwa mwendo wa pole.

Ukitaka fundi akuongezee nguvu, gari lipimwe kwanza, kisha lipimwe tena baada ya kazi, kwa dinamomita ile ile, gia ile ile na namna ile ile ya kuhesabu. Tofauti kati ya karatasi hizo mbili ndiyo uliyoinunua.