Rubani Mwenye Wito wa Upadre

Kijana wa Kiloleli, mkoani Simiyu, anayetamani urubani huku moyo ukimwita kusomea utumishi wa Mungu, mara nyingi ataambiwa achague kimoja. Naona anaharakishwa bure. Anachopaswa kujua kwanza ni jinsi njia hizi mbili zinavyogombania muda wake.

Leseni ya rubani wa biashara kwa kawaida hudai saa 200 za kuruka. Ukishaipata, lazima uitunze: afya hupimwa upya angalau kila mwaka, na huruhusiwi kubeba abiria kama ndani ya siku 90 zilizopita hujaruka na kutua walau mara tatu. Upadre nao hauna njia ya mkato. Sheria ya Kanisa Katoliki inataka miaka sita au zaidi: miwili ya falsafa, tuseme Ntungamo au Kibosho, na minne ya teolojia, kama vile Kipalapala au Segerea. Frateri huishi humo humo. Seminari haimnyang'anyi mtu leseni. Inamnyima nafasi ya kuruka ndani ya zile siku 90.

Kwa Waprotestanti mambo ni mepesi kidogo. Kanisa la AICT lina chuo cha Biblia cha Majahida, Bariadi, humo humo Simiyu, na huko Marekani Moody Bible Institute ilianza mwaka 1946 kufundisha urubani na ufundi wa ndege bega kwa bega na Biblia. MAF, shirika la kimisionari la ndege lililoanza kuruka Tanzania mwaka 1977, linahitaji watu wa aina hiyo hasa.

Mfano ninaouheshimu kuliko yote uko Arusha. Padre Pat Patten wa Shirika la Roho Mtakatifu, mwenyewe rubani, alianzisha Flying Medical Service mwaka 1983, inayopeleka kliniki kwa wafugaji wa mbali na kubeba wagonjwa mahututi. Kazi hiyo haina nafasi ya uzembe. Alfajiri rubani hukinga petroli kidogo kutoka chini ya bawa kwenye kikombe kinachoonyesha, akaiinua kwenye mwanga: maji ni mazito, yakiwamo yatajikusanya chini. Akifika kijijini hupita kwanza chini chini juu ya uwanja, ng'ombe waondoke naye aone mashimo. Kwenye udongo mweusi kama wetu wa Usukumani, mvua moja yatosha kuzamisha magurudumu.

Kabla yake alikuwapo Mjerumani Paul Schulte, rubani wa Vita Kuu ya Kwanza aliyepata upadre mwaka 1922. Rafiki yake mmisionari, Otto Fuhrmann, alifariki mwaka 1925 katika Namibia ya leo, mbali na matibabu. Miaka miwili baadaye Schulte akaanzisha MIVA, ya kuwapatia wamisionari magari, mashua na ndege.

Kwa wote wawili ndege ilikuwa chombo cha wito wenyewe. Anayetaka mshahara wa shirika la ndege Jumatatu na madhabahu Jumapili atapata shida zaidi, maana ratiba ya ndege haijui Jumapili. Kwa hiyo ushauri wangu ni masomo ya dini kwanza, ndege baadaye. Aliyekwisha kuwa rubani awaambie walezi wake wa seminari mapema. Asiyeruka kwa miaka sita kwa kawaida haanzi sifuri: hupimwa afya, huruka tena na mkufunzi, kisha hufanya jaribio mbele ya mtahini.