Vumbi Lenye Sumu na Fidia ya Mgonjwa

Darasa la Kintinku limetuletea swali, nalo ni zuri hata nimeona tulipe kipindi kizima. Mama mmoja auliza hivi: mtu akivuta vumbi baya siku ya maafa, na miaka mingi baadaye akapata saratani ya titi, je, vumbi lile laweza kuwa chanzo? Na kama laweza, ni nani amlipe?

Watu wa Kintinku hawana haja ya kuelezwa vumbi. Mwezi wa Septemba kundi la ng'ombe likipita, mtu hamwoni jirani yake. Lakini hilo ni vumbi la udongo. Tunalolisema leo ni jingine.

Tarehe 11 Septemba 2001, huko New York, Marekani, ndege zilizotekwa ziligonga majengo mawili marefu, yakaanguka. Watu zaidi ya 2,700 walikufa pale. Wingu lililofunika mitaa lilikuwa na saruji iliyosagika, vioo, asbesto, risasi, na masizi ya vitu vilivyoungua. Juma moja tu baadaye, ofisi ya serikali yenye kuangalia mazingira ilitangaza kuwa hewa yafaa kuvutwa. Basi makarani wakarudi kazini, wafagiaji wakafagia.

Saratani haiji kesho yake. Hukaa miaka mwilini kabla ya kuonekana, na mfuko wa fidia uliowekwa kwanza ulikuwa umekwisha kufungwa wagonjwa wengi walipoanza kujitokeza. Sheria iliyotiwa sahihi Januari 2011 iliufungua tena. Mwaka 2012 saratani ya titi iliingizwa katika orodha ya magonjwa yanayotambuliwa, na mwaka 2019 muda wa mfuko ukasogezwa hadi 2090. Usishangae mwaka huo ulivyo mbali: mtoto aliyekuwa shuleni siku ile huenda akaugua uzeeni.

Lakini nisikudanganye. Uchunguzi haujaonyesha wazi kwamba vumbi lile limeongeza saratani ya titi, na wanawake wengi huipata bila kuvuta sumu yoyote. Umri na ukoo vina sehemu yao. Faida ya orodha ni kwamba mgonjwa haachiwi peke yake kazi ya kubishana na wataalamu. Anayotakiwa kuthibitisha ni haya: kwamba ni mgonjwa, na kwamba alikuwapo mahali pale kati ya 11 Septemba 2001 na 30 Mei 2002. Hapo ndipo wengi hukwama. Nani hutunza hati ya mshahara miaka kumi?

Tuje karibu na kwetu. Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kilifanya kazi tangu 2007 hadi kilipofungwa 2014. Moshi na vumbi viliingia nyumbani mwa watu. Bibi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alipima damu ya mwanawe, ikaonekana ina risasi. Ugonjwa huo si saratani ya titi, lakini njia ya haki ni ile ile. Julai 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua amri hiyo, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu mwenyewe miaka hiyo, na ukumbuke kwamba wako waliozikwa wakingoja.

Na hapa Tanzania? Tunayo sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015. Mwajiri ndiye achangiaye, wala mshahara wako haukatwi. Maradhi yatokanayo na kazi yamo, si ajali peke yake. Ila sheria hiyo ni ya mwajiriwa. Mama anayeponda mawe ya dhahabu kwa kujitegemea, hata hapa mkoani kwetu Singida, hana mwajiri wa kumchangia. Kwa maoni yangu hili ni tundu kubwa. Vumbi la mawe yale huharibu mapafu, na laweza kuleta saratani ya mapafu. Asilichanganye na habari ya titi.

Basi ukifanya kazi penye vumbi, au maafa yakikukuta, andika tarehe na mahali, na majina ya watu wawili waliokuona. Cheti cha daktari na hati ya mshahara vitie katika bahasha, pamoja na cheti cha ndoa. Na mama, ukigusa uvimbe katika titi, hata kama hauumi, au chuchu ikitoa damu, nenda kituo cha afya juma hilo hilo. Wanaume nao hupata ugonjwa huu, ingawa ni wachache.

Maswali ya kuzungumza darasani:

Katika kijiji chenu, ni nani anayefanya kazi penye vumbi, na ana karatasi gani ya kuonyesha?

Mchimbaji asiye na mwajiri alipwe na nani?