Sura ya Tano: Chumba cha Kumi kwa Kumi

Wengi wakisikia usanifu wa ndani, mawazo huwaenda kwa mapazia ya bei na taa za kuning'inia sebuleni mwa tajiri. Ndiyo maana mzazi wa Machakos, mwanawe akimwambia amechagua kozi hiyo, huuliza kwanza kama kupamba nyumba kunahitaji miaka minne ya chuo kikuu. Ni swali la haki, na jibu lake liko karibu, kwenye ploti za kukodisha zilizouzunguka mji.

Tuchukue chumba kimoja cha futi 10 kwa 10, kile anachopanga mwanafunzi au kijana aliyeanza kazi juzi. Kwa mita ni kama 3 kwa 3, yaani mita 9 za mraba. Kitanda cha futi 4 kwa 6 kinachukua mita 2.2 za mraba. Mlango ukifungukia ndani unadai nusu mita ya mraba nyingine, na hapo hapawekwi kitu. Meko ya gesi iko pembeni, ndoo za maji chini ya meza, nguo kwenye misumari ukutani, na pazia limekatiza katikati ili mgeni asikae akitazama kitanda.

Mwenye chumba hiki ameshafanya usanifu wa ndani. Ametenga pa kulala na pa kupokea watu bila kujenga ukuta. Kuna mambo mawili, hata hivyo, ambayo hakuna aliyemfundisha. Pazia lake liko hatua moja tu kutoka kwenye moto. Halafu Machakos iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai usiku humfanya afunge dirisha na kuingiza jiko la makaa ndani. Makaa hayo hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humuua mtu usingizini bila yeye kushtuka. Jiko la makaa halilaliwi nalo kabisa. Lakini dari inayozuia joto lisipotelee kwenye mabati, na mlango usiopitisha upepo chini, vingempunguzia haja ya kuliwasha.

Kazi kama hii ndiyo mwanafunzi anayopaswa kupewa studio mwaka wa kwanza. Anaingia na tepu, anapima kila kitu, kisha anachora ramani ya chumba kilivyo kikitazamwa kutoka juu, na mkato unaoonyesha urefu wa vitu kana kwamba ukuta mmoja umeondolewa. Kwa kipimo cha 1:50, kila sentimita 2 za karatasi ni mita moja ya chumba. Mkato ndio unaofichua mengi: kwamba juu ya kitanda kuna nafasi tupu kubwa kuliko iliyo chini, kwamba swichi iko nyuma ya mlango, kwamba mwanga wa dirisha haufiki mezani. Hapo ndipo anapoanza kubadilisha. Mlango ufungukie nje? Kitanda kiinuliwe, masanduku yaingie chini? Lazima ajue kuwa kiti cha kawaida huwa na kimo cha sentimita 45 hivi, meza ya kupikia 85 hadi 90, na kwamba kiti cha magurudumu kinahitaji duara la sentimita 150 ili kigeuke. Machakos ina taasisi ya ufundi ya wasioona, na mwanafunzi yeyote wa taaluma hii angepaswa kuwasikiliza watu wanaoijua nyumba kwa mkono na kwa sikio. Hao ndio wa kwanza kujua rafu iliyotokeza kwenye njia imewekwa vibaya.

Kisha kuna jua. Machakos iko takriban nyuzi 1.5 kusini mwa Ikweta, hivyo jua la saa sita mchana hukaa juu mwaka mzima: Juni huelekea kaskazini kidogo, Desemba kusini. Kwa hiyo dirisha la kaskazini au la kusini, lenye kimo cha mita 1.2, hufunikwa kivuli saa hiyo na kipaa cha sentimita 60 tu. Dirisha la magharibi halina dawa hiyo. Jua la saa kumi alasiri huingia chini ya kipaa chochote, likachoma kochi na anayelikalia. Mwenye ploti aliyepanga vyumba vyote vitazame magharibi amewauzia wapangaji wake joto, na hakuna rangi ya ukuta itakayoliondoa.

Sauti nayo hupimika. Mwaka 1895, huko Marekani, Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard aliombwa arekebishe ukumbi wa mihadhara ambao maneno yaligongana ndani yake. Alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akawa anaipanga na kusikiliza sauti inachukua muda gani kufifia. Kanuni aliyoipata ni fupi: zidisha ujazo wa chumba kwa 0.16, kisha gawanya kwa uwezo wa vitu vyote vilivyomo kumeza sauti. Darasa la mita 8 kwa 6 lenye kimo cha mita 3 lina ujazo wa mita za ujazo 144. Likiwa tupu, saruji na mabati vitupu, tuseme humeza kiasi cha 8 tu, na mwangwi unadumu karibu sekunde 3. Wakiingia wanafunzi 40, kila mmoja akimeza takriban 0.4, unashuka hadi sekunde 1 hivi. Kwa mwalimu anayezungumza bado ni mrefu, na mvua ya Novemba ikianza kupiga mabati hata hesabu hiyo haimsaidii. Dari ya ubao laini ingesaidia pande zote mbili, kumeza mwangwi na kupunguza kelele ya mvua. Nadhani hesabu hii moja, ikifundishwa vizuri, ina faida kwa shule za Ukambani kuliko mihula miwili ya mitindo ya Ulaya.

Kuhusu mbao, walimu wako Wamunyu. Uchongaji wa biashara wa Wakamba ulikita hapo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na husimuliwa kuwa aliyeuanzisha ni Mutisya Munge, aliyejifunza ufundi akiwa Tanganyika. Mhugu na mpingo ulipoadimika, wachongaji wengi waligeukia mwarobaini, mwembe na jakaranda. Wanajua mti mbichi hupasuka ukikauka haraka, na upande gani wa gogo hujipinda. Mwanafunzi akikaa nao juma moja atajifunza kwa nini mlango wa kabati lake la saiprasi uligoma kufunga.

Kwa anayetaka kuanza: Chuo Kikuu cha Nairobi, kilomita 60 hivi kutoka Machakos, hufundisha usanifu wa ndani ndani ya shahada yake ya ubunifu, na vyuo vya ufundi hutoa diploma. Fahamu pia kwamba Sura ya 525 ya Sheria za Kenya inamruhusu kujiita msanifu majengo yule tu aliyesajiliwa na bodi. Shahada ya usanifu wa ndani pekee haikupi jina hilo. Basi kabla hujalipa karo, omba uonyeshwe studio, karakana ya mbao na michoro ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Ukionyeshwa kompyuta na picha za hoteli pekee, uliza kama kuna aliyewahi kupimishwa chumba cha kumi kwa kumi. Kama hakuna, tafuta chuo kingine.