Usingizi wa Pono Ndani ya Tangi la Kioo

Mtu akilala fofofo hata asisikie jogoo wala adhana, Waswahili husema amelala usingizi wa pono. Leo tuzungumze juu ya usingizi huo, kwa kuwa ndio unaowaponza samaki wengi wa mapambo wanaofugwa majumbani.

Katika jamaa ya pono, kama wataalamu wanavyoihesabu, yumo samaki mdogo asiyezidi sentimeta 13 hivi, anayeishi kwenye miamba ya Afrika Mashariki. Jina lake la kitaalamu ni Macropharyngodon bipartitus, na wafugaji humfananisha na chui kwa ajili ya madoa yake. Jike ana mgongo wa rangi ya chungwa wenye madoa meupe, na tumbo jeusi lenye madoa ya buluu. Wote huanza maisha wakiwa majike. Baadaye wakubwa hugeuka madume na kubadili rangi. Ni samaki mzuri sana, lakini ni dhaifu, na wengi hufa muda mfupi baada ya kununuliwa.

Kwa nini? Sababu ya kwanza ni usingizi wenyewe. Jua likichwa, samaki huyu hujifukia mchangani hadi asubuhi. Akiogopa, hujifukia pia. Akitiwa katika tangi jipya aweza kukaa chini ya mchanga siku kadhaa bila kuonekana. Mwenye nyumba hudhani amekufa, huanza kuchakura kwa kijiti, na kwa kufanya hivyo humjeruhi au humtia hofu mpaka akafa kweli. Ndugu msikilizaji, mwache alale. Mtandikie mchanga laini wenye kina kisichopungua sentimeta tano, kwani kokoto humchubua. Tena tangi liwe na kifuniko cha wavu, maana akishtuka huruka nje.

Sababu ya pili ni njaa. Pono huyu hakuzoea makombo. Huko mwambani hushinda akidonoa vijidudu vidogo mno, vingine vyenye magamba, visivyozidi chembe ya mchanga. Vijidudu hivyo havipatikani katika tangi la jana. Huzaliana polepole kwenye mawe na mchanga wa tangi lililokomaa. Tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita ili bakteria wazoee kugeuza amonia, ambayo ni sumu itokayo kwa samaki, iwe nitriti, kisha nitrati isiyodhuru sana. Lakini kwa pono huyu muda huo hautoshi. Ngoja miezi sita, na tangi liwe la lita 200 au zaidi.

Sababu ya tatu ni maji. Mkazi wa Tegeta au Mbagala ana bahati ambayo mwenzake wa Dodoma hana: bahari iko karibu. Hata hivyo asichote popote. Karibu na mdomo wa Msimbazi, hasa wakati wa masika, maji ya bahari huchanganyika na maji ya mto na uchafu wa jiji. Achote mbali na mito, maji yakiwa yamejaa. Na akumbuke kwamba maji yakipungua tangini kwa kukauka, chumvi haiondoki, hubaki. Kwa hiyo pengo hilo lisijazwe kwa maji ya bahari bali kwa maji baridi, kama ya bomba yaliyolazwa katika ndoo wazi siku moja au mbili ili klorini itoke. Maji ya kisima yapimwe kwanza, kwani visima vingi vya jiji vina chumvi.

Joto letu nalo ni adui. Samaki huyu hupenda nyuzi 24 hadi 28, na maji kadiri yanavyopata moto ndivyo yanavyoshika hewa kidogo. Basi tangi likae mbali na dirisha lenye jua, na pampu ya hewa ya betri iwe tayari, maana umeme ukikatika usiku mzima asubuhi waweza kukuta msiba.

Mwisho, tusisahau sheria. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu 1975. Huko hairuhusiwi kuvua samaki wala kung'oa matumbawe. Na asiyeweza kungoja miezi sita asinunue pono huyu. Aende Kunduchi, apande mashua hadi Mbudya, avae miwani ya kuogelea na kuwatazama samaki wa mwambani kwao. Lakini aende mchana. Jioni pono watakuwa wamekwisha lala.