Vipuri Vinavyooana: Mwongozo kwa Mlaji Anayeboresha Kompyuta ya Michezo

Mlaji anaponunua kompyuta iliyo kamili, kazi ya kuhakikisha kwamba sehemu zake zinaoana imekwisha kufanywa na mtengenezaji. Anapoamua kuiboresha au kuiunda mwenyewe kwa ajili ya michezo, kazi hiyo huhamia kwake. Hapo ndipo fedha hupotea, na mara nyingi si kwa sababu vipuri ni vibovu, bali kwa sababu ni vizima lakini havioani. Tofauti hiyo ina uzito hata kisheria: kipuri kibovu kina njia iliyo wazi ya kurejeshwa, lakini kipuri kizima kilichochaguliwa vibaya humwacha mlaji akibishana na muuzaji.

Makala hii inaeleza mambo ya kukagua kabla ya kulipa, na namna ya kujiwekea ushahidi endapo kipuri hakitafaa.

Mfano wa kuzingatia

Chukulia mwanafunzi wa chuo jijini Dar es Salaam anayenunua kompyuta ya mezani iliyotumika, mojawapo ya zile ndogo za ofisini zinazoingizwa nchini na kuuzwa Kariakoo. Ina prosesa ya Intel Core i5-6500 na RAM ya GB 8. Anadunduliza kwa miezi kadhaa, ananunua kadi ya michoro ya GeForce RTX 3060 na kurudi nayo nyumbani. Kadi haiingii, kwa kuwa ni pana na nene kuliko nafasi iliyomo ndani ya kasha. Akiwa katika kutafakari kubadilisha kasha, anasoma lebo ya pawasaplai na kukuta ni ya wati 200, tena haina waya wa kulisha kadi. Ananunua pawasaplai mpya, lakini plagi yake kuu ya pini 24 haina mahali pa kuchomekwa, kwa sababu ubao wa kompyuta ile ulitengenezwa kwa plagi ya namna yake. Anabaki na vipuri viwili vizima na kompyuta ileile ya zamani.

Kila muuzaji katika mlolongo huo alimpa mlaji bidhaa aliyoiomba. Kosa lilikuwa katika mpangilio: alianza na kile alichokitamani badala ya kuanza na kile asichoweza kukibadilisha. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: kagua kwanza ubao, pawasaplai na kasha, kisha uchague kadi na prosesa zitakazokubaliwa na vitu hivyo vitatu.

Ubao mama na prosesa

Ubao mama, ambao mafundi huuita mazabodi, ndio unaoamua prosesa na RAM zitakazotumika. Jina la soketi ya prosesa huwa limeandikwa katika maelezo ya ubao, mathalani LGA1700 kwa Intel au AM4 na AM5 kwa AMD. Prosesa ya Intel haiwezi kukaa kwenye ubao wa AMD, wala ya AM5 kwenye ubao wa AM4.

Hata hivyo, jina la soketi peke yake halitoshi. Soketi LGA1151 ilitumika kwa prosesa za Intel za kizazi cha sita na cha saba, kisha jina hilohilo likatumika kwa kizazi cha nane na cha tisa. Prosesa ya Core i7-8700 itakaa vizuri kwenye ubao uliotengenezwa kwa ajili ya Core i5-6500, lakini kompyuta haitawaka. Anayemiliki ubao huo na kutaka prosesa yenye nguvu zaidi atafute ya kizazi kilekile, kama Core i7-6700.

Njia ya uhakika ni kufungua tovuti ya mtengenezaji wa ubao au wa kompyuta nzima, kutafuta modeli husika, na kusoma orodha ya prosesa zinazokubaliwa. Orodha hiyo pia huonyesha toleo la BIOS, yaani programu ya msingi ya ubao, linalohitajika kwa kila prosesa. Jambo hili ni muhimu hasa kwa mbao za AM4, ambazo zimepokea vizazi kadhaa vya prosesa za Ryzen: ubao wa zamani unaweza kuhitaji BIOS mpya kabla ya kuitambua prosesa mpya. Mwombe muuzaji aifanye kazi hiyo kabla hujaondoka dukani.

Aidha, pima umri wa mashine kabla ya kuiwekea fedha. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na orodha yake ya prosesa za Intel zinazokubaliwa rasmi na Windows 11 huanzia, kwa sehemu kubwa, kizazi cha nane.

RAM na hifadhi

RAM za DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. Mkato ulio kwenye ukingo wa kila aina umewekwa mahali tofauti ili mtu asizichanganye. Ukiona RAM inakataa kuingia, usiilazimishe. Mbao za AM4 hutumia DDR4 pekee, na za AM5 hutumia DDR5 pekee. Mbao za LGA1700 zipo za aina zote mbili, lakini ubao mmoja mmoja huwa na nafasi za aina moja tu. Kompyuta ndogo kabisa za ofisini, zile zinazokaribia ukubwa wa kitabu kinene, hutumia RAM fupi za kompyuta mpakato.

Kwa michezo, RAM mbili za GB 8 kwa kawaida huzidi moja ya GB 16, kwa kuwa prosesa huzisoma kwa njia mbili kwa wakati mmoja.

Kwa upande wa hifadhi, SSD za umbo la M.2 huonekana kama ndugu mapacha, lakini zipo zinazotumia SATA na zipo zinazotumia NVMe. Nafasi ya M.2 kwenye ubao inaweza kukubali aina moja na kukataa nyingine. Soma maelezo ya ubao, usitegemee umbo.

Kadi ya michoro na umeme

Kadi ya michoro ndiyo hula sehemu kubwa ya bajeti, na ndiyo yenye masharti mengi. Habari njema ni kwamba nafasi ya PCI Express inaelewana na vizazi vyake vilivyotangulia, hivyo kadi mpya kwa kawaida hufanya kazi kwenye ubao wa zamani, ijapokuwa kasi yake inaweza kupungua. Vikwazo vya kweli ni viwili: nafasi na umeme.

Nafasi ya kadi kwenye ubao hutoa umeme usiozidi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi hulishwa moja kwa moja kutoka kwenye pawasaplai: plagi ya pini 6 huongeza hadi wati 75, na ya pini 8 hadi wati 150. Kadi ya RTX 3060 hutumia takribani wati 170, na mtengenezaji anapendekeza pawasaplai ya wati 550. Kiwango hicho huacha nafasi kwa prosesa, diski, feni, na mipando ya ghafla ya matumizi mchezo unapokuwa mzito.

Mlaji mwenye kompyuta ndogo ya ofisini hana sababu ya kukata tamaa. Zipo kadi fupi zisizozidi wati 75, kama baadhi ya matoleo ya GTX 1650, ambazo hazihitaji plagi ya ziada. Zingatia neno "baadhi": jina hilohilo hubebwa na matoleo marefu na yenye plagi ya pini 6. Soma modeli kamili ya toleo unalouziwa, na upime nafasi ya kasha kwa rula: urefu, upana na unene.

Mambo matatu yanahusu usalama na hayana mjadala:

1. Usitumie kiunganishi kinachogeuza plagi moja ya SATA kuwa plagi ya kadi ya michoro. Plagi ya SATA imeruhusiwa kutoa takribani wati 54 kwenye volti 12. Kadi inaweza kudai wati 75, na matokeo yake ni waya kuyeyuka au kuwaka moto.

2. Usichanganye waya za kuchomoa za pawasaplai mbili tofauti. Plagi zinaweza kufanana ilhali mpangilio wa volti ndani yake ni tofauti, na kosa moja huunguza ubao na diski kwa pamoja.

3. Baadhi ya pawasaplai za zamani zina swichi ndogo nyuma yenye maandishi 115 na 230. Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230. Swichi iliyoachwa kwenye 115 itaunguza kifaa pale kinapowashwa.

Kumbuka pia skrini. Kadi za kisasa hazina tundu la VGA. Mwenye skrini ya zamani aongeze kwenye bajeti yake kigeuzi au skrini nyingine.

Kadi za kughushi

Upo udanganyifu unaojulikana ambapo kadi ya zamani, kama GTX 550 Ti, hubadilishwa programu yake ya ndani ili ijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Windows itaonyesha jina la uongo, lakini michezo itakwama. Dalili mojawapo ni tundu la VGA, ambalo GTX 1050 Ti halisi kwa kawaida haina. Programu ya bure ya GPU-Z husoma chipu yenyewe na huweza kuonyesha kuwa kadi ni ya kughushi. Kabla ya kulipia kadi iliyotumika, omba ichomekwe dukani, ifunguliwe GPU-Z, kisha uendeshwe mchezo mzito kwa angalau dakika 15. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kukujibu.

Kabla ya kulipa

Andika majibu ya maswali haya kwenye karatasi na uende nayo dukani:

1. Modeli kamili ya ubao au ya kompyuta ni ipi?
2. Je, prosesa imo katika orodha ya mtengenezaji, na inahitaji BIOS ya toleo gani?
3. RAM ni ya DDR ipi, ndefu au fupi?
4. Pawasaplai ni ya wati ngapi, na ina plagi zipi za kadi?
5. Plagi kuu ya ubao ni ya pini 24 au ni ya namna nyingine?
6. Kadi ina vipimo gani, na kasha lina nafasi kiasi gani?
7. Waranti ni ya muda gani, na inatolewa na nani?

Haki zako

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 zinamlinda mlaji aliyemweleza muuzaji kusudi la ununuzi wake na kutegemea utaalamu wa muuzaji huyo. Bidhaa inapaswa kufaa kwa kusudi lililoelezwa. Hivyo basi, usiseme tu "nipe RTX 3060." Sema: "Nataka kadi itakayofanya kazi kwenye kompyuta hii," taja modeli yake, na uombe maneno hayo yaandikwe kwenye risiti au kwenye ujumbe wa simu. Sentensi hiyo moja ndiyo inayohamisha sehemu ya jukumu kutoka kwako kwenda kwa mtaalamu uliyemlipa. Ukitaja kipuri kwa jina bila kueleza kitakapofungwa, muuzaji anaweza kujitetea kwamba hukumtegemea.

Dai risiti ya EFD kwa kila ununuzi na uhifadhi kasha la bidhaa pamoja na namba yake ya utambulisho. Tangazo la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" haliondoi haki yako pale bidhaa inapokuwa mbovu, ya kughushi au isiyofaa kwa kusudi mlilokubaliana. Tatizo likitokea, mwandikie muuzaji kwanza na umpe nafasi ya kulitatua. Asipotoa ufumbuzi, wasilisha malalamiko kwa maandishi Tume ya Ushindani, ukiambatisha nakala ya risiti, picha za lebo, na ujumbe mlioandikiana kabla ya malipo.