Kufundisha Thamani Thabiti za Faragha katika Programu za Kompyuta

Mwalimu anayeanza kufundisha uandishi wa programu za kompyuta hukutana mapema na kosa hili: mwanafunzi hudhani kwamba kisichobadilika ni lazima kiwe cha siri. Makala haya yanakusudia kuonyesha namna ya kuzitenganisha dhana hizo mbili.

Tuanze na darasa. Wiki ina siku 7. Idadi hiyo haibadiliki, na kila mtu anaijua. Mwalimu naye ameamua kwamba alama ya kufaulu jaribio ni 40, akaiandika katika daftari lake. Hiyo nayo haibadiliki, ila wanafunzi hawaitumii. Katika programu, thamani iliyopewa jina na isiyobadilika huitwa thamani thabiti. Jina lake lisipotumika nje ya sehemu iliyolitunga, thamani hiyo ni ya faragha.

Je, lugha ya programu itazionyeshaje sifa hizo? PHP hutumia maneno mawili:

private const ALAMA = 40;

Neno const lasema thamani haibadiliki. Private lasema jina ni la ndani ya klasi yake tu. Thamani thabiti za klasi zilikuwamo tangu PHP 5 ya mwaka 2004, zote zikiwa wazi. Private iliruhusiwa mbele yake katika toleo la 7.1 la mwaka 2016. Upungufu huo ulikuwa na gharama: wengine wakishalitumia jina lako, huwezi kuliondoa bila kuharibu programu zao.

Lugha ya Go, iliyotangazwa mwaka 2009, hutazama herufi ya kwanza. Jina alama hutumika ndani ya kifurushi chake tu. Alama hutumika hata nje. Njia hii ni fupi, lakini kubadili uamuzi ni kubadili jina kila lilipoandikwa. Tena herufi za Kiarabu, ambazo wazee wetu waliandikia Kiswahili, hazina kubwa wala ndogo; jina linaloanza nazo hubaki la ndani daima.

Darasani, mwanachuo afuate hatua hizi:

1. Achore ubaoni jedwali la vyumba vinne: kinachobadilika na kisichobadilika, cha wazi na cha faragha. Wanafunzi wajaze kila chumba kwa mifano yao.

2. Vikundi vitunge alama zao za kuonyesha sifa hizo mbili.

3. Mwalimu atangaze kwamba thamani ya faragha sasa iwe wazi, na kila kikundi kihesabu mahali panapohitaji kusahihishwa.

Mwalimu aeleze pia kwamba faragha hii si kufuli: anayesoma maandishi ya programu ataiona ile 40. Kinachozuiwa ni wengine kulitegemea jina hilo. Kikundi kisichoweza kueleza alama yake inajibu swali lipi, kirudishiwe kazi yake.